Pete za Tufaha Bila Maziwa Wala Mayai

Wanangu, tufaha likishakatwa halisubiri mtu. Ukienda mlangoni kumjibu jirani, ukirudi utalikuta limegeuka rangi ya kutu, nawe utaanza kulilaumu soko. Kwa hiyo kabla hujashika kisu, maliza mazungumzo yako yote. Mimi nilijifunza hilo kwa matufaha ya mtu mwingine, na mwenyewe alikuwa mkali.

Nimekaanga vitafunwa pale soko la Majengo kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Sasa kifundo cha mkono wa kulia kimekataa kuinua karai, nami nimekubaliana nacho. Lakini bado vijana wanaofungua biashara huko Msalato, kwenye mafundi na maofisi mapya, hunifuata nyumbani. "Shikamoo, babu. Zile pete za tufaha zisizo na maziwa wala mayai, ulisomea chuo gani?"

Marahaba. Sikusomea popote. Mwalimu wangu alikuwa mdogo wangu Neema, ambaye maziwa na mayai nusura vimuue. Nasema mapema kwamba yuko hai, ana nyumba yake na watoto wawili, na kila Jumapili tukitoka kanisani tunabishana. Msisome kwa moyo mzito. Mimi mwenyewe nikikumbuka mambo haya, kitu cha kwanza ninachofanya ni kushusha pumzi.

Baba alitangulia. Mvua za mwaka ule hazijaisha, mama naye akafuata. Nilikuwa darasa la sita, mdogo wangu Daudi alikuwa la pili, Neema alikuwa bado wa mgongoni. Ndugu walikaa kikao wakaanza kutugawana kama vyombo: huyu aende kule, huyu abaki hapa, yule mchanga tutaona. Nikasimama kusema kwamba hatugawanywi. Sauti yangu ndiyo kwanza ilikuwa inavunjika, ikanivunjikia katikati ya maneno ikawa kama ya jogoo mchanga. Wakacheka wote, isipokuwa bibi yetu mzaa mama, aliyekuwa ametoka Haneti kwa ajili ya msiba.

"Mwacheni," akasema. "Akishindwa ataniita."

Sikurudi shule tena. Nilikwenda Majengo, kwenye kona ya wauza nafaka, ambako mama mmoja wa Kondoa aliyeitwa Mama Rehema alikuwa akikaanga kalimati na vitumbua. Alihitaji mtu wa kumbebea maji na kupasua mkaa. Nikafanya hivyo mwaka mzima bila kuruhusiwa kugusa upawa. Siku aliponiruhusu, wachukuzi waliokuwa wakishusha magunia ya mtama walipiga mbinja. Aliyekuwa akiongoza kelele ni Lameki, dereva wa pikapu la kubebea nafaka.

"Dada Yohana! Umesuka lini?"

"Nasubiri mkeo anisuke," nikamjibu, "akimaliza kukusuka wewe."

Mama Rehema hakucheka. Alinigonga kisogoni kwa kijiko. "Mdomo mbele ya mafuta ya moto, ndiyo maana Wagogo hamna nyusi. Tazama karai."

Kuhusu nyusi alikuwa anatabiri. Wiki hiyohiyo nilitumbukiza kwenye mafuta vipande vya ndizi vilivyotoka kuoshwa, vikiwa vimelowa. Mafuta yaliniruka usoni, nami nikatembea mwezi mzima nikiwa na nyusi moja, kila mtu akidhani nimeshangaa upande mmoja. Kwa hiyo sikilizeni: chochote kinachoingia kwenye mafuta kifutwe kwanza kwa kitambaa kikavu. Maji na mafuta ya moto havijawahi kupatana tangu dunia iumbwe.

Sasa habari za Neema. Mama alipofariki tulimpa maziwa ya ng'ombe, kama watu wote wa kwetu wangefanya. Akavimba macho, akatoka vipele, akatapika. Bibi akabadilisha, akampa uji wa uwele wenye karanga, mtoto akatulia. Tukasema tumbo lake halipendi maziwa, basi. Alipofika umri wa kwenda shule ya Jumapili, mwalimu akawagawia watoto mayai ya kuchemsha, na Neema akarudi nyumbani midomo imevimba kama mtu aliyeng'atwa na nyuki. Muuguzi wa zahanati akanipa neno ambalo sikuwa nalijua: mzio. Akaniambia maziwa na mayai asipewe kabisa, hata kidogo.

Unaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Kwetu mgeni hupewa maziwa kabla hajaulizwa habari za alikotoka. Ukikataa, umemkataa mwenyeji. Neema alipokea kibuyu kwa mikono miwili, kwa adabu, halafu akakirudisha bila kunywa, na nyuma yake nikawasikia wamama wakisema, "Katoto haka kanaringa. Yatima anaringia nini?" Krismasi watoto walizunguka nyumba kwa nyumba wakila maandazi ya maziwa na keki za mayai, yeye akasimama nje ya kila mlango ameshika mikono nyuma. Alipofika nyumbani aliniambia, "Kaka, mimi siendi tena kwa watu."

Nilikaa na maneno yale siku nyingi. Mwishowe nikaona kwamba mtu asiyeweza kula cha watu anaweza kupeleka chake. Kama Neema angefika mlangoni ameshika sahani ya kitu kizuri, kizuri kuliko vya wenyeji, asingekuwa mtoto anayekataa. Angekuwa mtoto anayeleta. Kilichobaki kilikuwa kukipata hicho kitu, na nilitaka kiwe tayari kabla ya Krismasi nyingine.

Matufaha yalikuja kwa bahati. Muuza matunda mmoja jirani yetu alikuwa na maboksi ya matufaha yaliyobonyea njiani, akawa anayauza kwa fungu. Neema akaonja kipande, akafumba macho. Hapo nikajua ni tufaha.

Nitawaambia niliyokosea kabla ya niliyopatia, kwa sababu mtayakosea hayohayo. Kwanza nilidhani yai ni gundi tu, nikaweka ndizi mbivu iliyopondwa badala yake. Pete zilitoka laini kama ugali uliolala ndani ya maji. Nikajaribu unga wa uwele mtupu. Daudi akaiuma moja, akaitoa mdomoni, akaigonga mezani. "Kaka, hii tuipeleke kwa mafundi ujenzi." Nikaweka hamira na kusubiri iumuke kama ya kalimati, na unga ukapanda vizuri, lakini wakati huohuo matufaha yakawa yametoa maji yote na kulegea. Mama Rehema alinitazama nikimwaga sufuria ya tatu.

"Unataka unga upande bila yai na bila kusubiri," akasema. "Wewe unataka soda, mwanangu."

Alikuwa ananikejeli, akimaanisha ile ya kunywa, lakini alinisaidia. Jioni ile nilikuwa napika mlenda, na kwetu mlenda hutiwa magadi. Maji ya magadi yalikuwa kwenye bakuli. Neema akaja na kikombe chake cha maji ya ubuyu, kikamwagikia humo. Bakuli likachemka povu bila moto, likafurika mezani. Yeye akaogopa akadhani ameharibu chakula. Mimi nikamnyanyua juu.

Basi ndiyo hivyo. Ubuyu una uchachu, na magadi hayapendi uchachu, vikikutana vinatoa povu, na povu hilo ndilo linalonyanyua unga. Siku hizi mna bekingi soda dukani, tumieni hiyo, ni safi zaidi na haihitaji kuchujwa. Chukua vikombe viwili vya unga wa ngano na nusu kikombe cha unga wa mchele, ule wa mchele ndio unaoleta ugumu wa kuvunjika mdomoni. Chumvi ya kubana kwa vidole, sukari kijiko kimoja tu, iliki, mdalasini. Loweka unga wa ubuyu, chuja, upate maji mazito yenye kuuma ulimi. Changanya mpaka uji wake uushike mgongo wa kijiko bila kukimbia. Soda weka mwisho kabisa, mafuta yakishapata moto, na usizidishe nusu kijiko kidogo. Ukizidisha, wageni watadhani wanakula sabuni. Povu halidumu, kwa hiyo ukishaiweka, fanya kazi.

Tufaha lenyewe liwe gumu, na likiwa chachu kidogo ni bora zaidi. Lililobonyea si kosa, kata pale palipooza. Menya, kata mviringo wenye unene wa kidole kidogo cha mtoto, toa kokwa katikati kwa kifuniko cha chupa ya soda. Ndiyo pete hiyo. Nyunyizia ndimu, futa kwa kitambaa, gusisha unga mkavu pande zote mbili, ndipo uchovye kwenye uji. Ukiruka unga mkavu, koti la uji litabanduka ndani ya mafuta na utabaki na tufaha lililo uchi.

Mafuta ni ya alizeti, na mafuta hayana kipimo kizuri kuliko tone la uji. Likizama likalala chini, subiri. Likiruka juu na kuungua papo hapo, punguza mkaa. Unalotaka ni tone linalozama, linafikiri kidogo, kisha linapanda. Mama Rehema alikuwa akisema, "Tone lenye akili ndilo la kufuata."

Pete zilifanikiwa. Nikaanza kuziuza kwenye kona yetu, na Lameki, ambaye hakuwahi kuniita kwa jina langu tupu, akapaza sauti siku ya kwanza: "Dada Yohana, unanivisha pete mbele ya watu? Mahari tayari?" Akala nne. Nyumbani Neema alikula mpaka mashavu yakang'aa mafuta. Nikajiona nimemaliza.

Sasa ndipo inapokuja sehemu ambayo nataka muisome polepole.

Mkesha wa Krismasi, mchana, Bibi alifika kutoka Haneti. Alisimama mlangoni akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" na Neema akamkimbilia. Bibi alikuja na kibuyu cha samli, zawadi ya sikukuu. Nyie mliozaliwa kwenye mafuta ya chupa hamuijui heshima ya samli kwa watu wetu. Mtoto akizaliwa anapakwa samli. Mtu akikohoa anapakwa kifuani. Mgeni mkubwa akija mboga hutiwa samli. Nyumbani kwangu maziwa yalikuwa hayavuki kizingiti, mayai vivyo hivyo, nilikuwa nimeapa. Lakini samli? Samli ya kupaka ilikuwa kwenye rafu miaka yote, pamoja na chumvi na dawa ya kikohozi. Kwetu samli si maziwa. Samli ni mafuta.

Tena nilikuwa nimeshaonywa, sikusikia. Bibi aliwahi kumpaka Neema samli kifuani akiwa na kikohozi, ngozi ikatoka vipele. Sote tukasema ni joto.

Basi mchana ule nilitaka pete za Krismasi ziwe bora kuliko zote. Mafuta ya alizeti yalikuwa yamebaki kidogo. Bibi akanisogezea kibuyu. "Ongezea hii, mjukuu wangu, zinukie." Nikamimina bila kusita. Zilinukia mpaka majirani wakachungulia. Neema alikuwa amevaa gauni lake jipya, sahani iko tayari ya kupeleka nyumba ya kwanza. Akala moja ya kuonja, akachukua ya pili.

"Kaka, ulimi unawasha."

Nikadhani ni mdalasini. Nikamwambia anywe maji. Akajaribu, maji yakamtoka mdomoni, na nilipomtazama midomo ilikuwa inakua. Halafu akaanza kuvuta pumzi kwa mlio, kama mlango wenye bawaba kavu.

Nilimbeba nikakimbia. Nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka sokoni, na pikapu la Lameki lilikuwa pale, limejaa magunia nusu. Hakuuliza kitu. Aliona uso wa mtoto, akafungua mlango, akawaambia wachukuzi wake, "Shukeni!" nao wakaruka. Njia nzima mkono wake haukutoka kwenye honi.

Hospitalini walimchoma sindano ya paja. Daktari, kijana mwenye miwani, alisimama juu yake, kidole kwenye mkono wake, na mimi nikawa nahesabu pumzi za Neema, kila moja nikiitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga. Kisha mlio ukapungua. Ukapungua tena. Akafungua macho, akaniona, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Gauni limechafuka."

Nililia pale pale, wanangu, mwanaume mzima. Lameki alikuwa mlangoni, akageukia ukuta akajifanya anasoma tangazo.

Baadaye daktari akanikalisha. "Amekula nini?"

"Tufaha, unga, ubuyu. Hakuna maziwa, hakuna yai, daktari. Nachunga sana."

"Umekaangia nini?"

"Alizeti. Na samli kidogo."

"Samli umeitoa wapi?"

"Kwa bibi yangu."

"Na bibi yako anaitoa wapi?"

Nilifungua mdomo nikajibu, "Kwenye maziwa," na neno lilipotoka ndipo na mimi nililisikia. Daktari hakunigombeza. Aliniambia kwamba watu wengi hutengeneza samli wakaamini maziwa yameisha yote jikoni, lakini masalia hubaki, na kwa mtoto kama Neema masalia yanatosha. Afadhali angenigombeza.

Bibi nilipomweleza alikivuta kibuyu chake mapajani. "Nimewapaka watoto samli tangu nikiwa msichana," akasema. "Leo nimemlisha sumu wangu mwenyewe." Nikamwambia aliyemimina ni mimi. Tulibishana kidogo nani mwenye kosa kubwa zaidi, mpaka Daudi akatuuliza kama mshindi atapewa zawadi.

Neema alipona, lakini tangu siku ile hakula tena kitu nilichokaanga. Hakusema. Alikuwa na adabu ileile ya kibuyu: alipokea kwa mikono miwili, akaweka pembeni. Alikula ugali, mlenda, viazi vya kuchemsha, vitu ambavyo aliviona vikitoka sufuriani. Mkono uliokuwa ukimlisha tangu akiwa wa mgongoni sasa aliuogopa, na haki alikuwa nayo. Nimewahi kuungua, nimewahi kushinda njaa, lakini kurudishiwa sahani na mtoto wa miaka saba ndiko kulikoniuma kuliko vyote.

Mama Rehema ndiye aliyenitoa hapo. Alininunulia karai jipya, akaliweka mbele yangu. "Hilo la zamani limekunywa samli, haitoki hata ulisugue na mchanga. Hili lisiguse kitu kingine. Na usimbembeleze mtoto. Mpe kazi."

Nikafanya hivyo. Jumamosi moja nilimwita Neema jikoni, nikamwambia yeye ndiye mkaguzi. Alilichukulia jambo hilo kama askari wa mpakani. Alinusa chupa ya mafuta, akaamuru ifunguliwe mbele yake. Aliukataa upawa wa zamani, akaukataa mwiko, akaukataa ungo kwa sababu uliwahi kukaa karibu na kibuyu. Alinitazama nikinawa mikono, akaniambia ninawe tena. Na hapa ndipo mpate sheria yangu, mnaouza vyakula kwa watu wenye mzio: karai lake, mafuta yake, kijiko chake, na mlaji aruhusiwe kukagua. Asipokuamini, usikasirike. Onyesha. Na kama hujui kitu kimetoka wapi, uliza mpaka ufike kwa mnyama au shambani.

Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimemwomba Lameki aje na pikapu. Aliliegesha mlangoni, likielekea barabarani, akaingia akaketi kwenye kigoda, funguo mkononi.

"Umekuja kufanya nini?" Neema akamuuliza.

"Kula," akasema. "Na nikishiba, kuendesha gari. Lolote litakalotangulia."

Nikakaanga. Lameki alikula kwanza, akala tena, akaambiwa na Daudi kwamba yeye siye mgonjwa. Neema alichukua pete moja. Akaivunja, akaitazama ndani, akailamba. Akaiweka kwenye sahani, akakunja mikono. Tukakaa. Mimi nilikuwa naitazama midomo yake, yeye ananitazama mimi nikiitazama. Akaiuma kidogo sana, kiasi cha jino moja, akaiweka tena chini. Tukakaa tena. Nje mtu aliita jina la Lameki kwa sababu gari lilikuwa limeziba njia, naye hakuinuka. Mkaa ulianza kuvaa majivu. Nilisikia pumzi ya Neema ikiingia na kutoka, laini, bila mlio wowote, ikiingia, ikitoka, na polepole mabega yangu yakaanza kushuka, sijui yalikuwa juu tangu lini.

Neema aliichukua ile pete mara ya tatu, akaibinya kwa vidole, akaisogeza kwangu ng'ambo ya meza.

"Kaka," akasema, "hii imepoa. Nipe ya moto."